Empirika Mkiani mwa Mfereji

Jumatatu, 20 Januari

Nimefika. Vumbi la kutoka Ubaruku limeniingia mpaka kwenye meno, na joto la huku Usangu halina adabu hata kidogo. Jana nilikuwa Iringa nimevaa sweta, leo hata kanga naiona nzito.

Nitakaa kwa mama mdogo Kalista, binamu yake mama. Ni mjane, na majaruba yake ya mpunga yako mkiani kabisa mwa mfereji wa skimu ya umwagiliaji, kule maji yanakofika yakiwa yamechoka. Amenipokea kwa wali na samaki, kisha akaniuliza kazi iliyonileta. Nikamwambia Dokta Sedekia, aliyenifundisha chuo, ameniajiri nimsaidie utafiti wa maji ya skimu mpaka mpunga ukaribie kuvunwa.

"Utafiti wa namna gani?"

"Wa kiempirika."

"Ndio nini hiyo? Ugonjwa?"

Nilijiona msomi sana. Nikamweleza kwamba ni utafiti wa mambo yaliyoonwa kwa macho, yakasikiwa au yakapimwa, siyo wa mtu kukaa ofisini akawaza mambo yanavyopaswa kuwa. Mtafiti anakwenda mahali penyewe, anakaa, anatazama, na anachokisema kinatoka katika alichokitazama.

Mama mdogo akacheka mpaka akashika goti lake linalomsumbua. "Yaani mwanangu umesoma miaka yote hiyo, kumbe ulikuwa unafundishwa kuangalia?"

"Kuangalia kuna namna yake."

"Haya. Basi anza na mimi. Hiyo zamu yangu ya maji..."

"Hapana, mama mdogo, usiniambie. Nikiambiwa nitaanza kuona nilichoambiwa. Niache nione mwenyewe."

Aliniangalia kidogo, akaniongezea samaki.

Jumanne, 21 Januari

Dokta Sedekia amenitembeza mfereji wote, kuanzia kwenye banio, ule ukuta unaokinga mto ili maji yaingie mferejini, hadi huku mwisho. Amenipa sheria yake. Kila ninachoandika nikipe alama: niliona, niliambiwa, au nilidhani. "Ukizichanganya hizo, Goodness, hujafanya utafiti wa kiempirika. Umefanya umbea." Nimempenda kwa neno hilo. Kisha akapanda gari lake na kurudi Iringa kwenye baridi, akaniacha na mbu.

Jumatatu, 27 Januari

Ukingo wa mfereji umebomoka sehemu ya chini, karibu na boma la mzee Masunga, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Maji yametapakaa nyasini. Nyayo za ng'ombe zimejaa kila mahali kwenye tope. Nimepima mpasuko, nimepiga picha.

Mzee Bartolomeo, mwenyekiti wa skimu, alisimama juu ya ukingo amekunja mikono. "Umejionea mwenyewe, dada mtafiti. Andika hiyo."

Niliandika: niliona nyayo za ng'ombe.

Alhamisi, 30 Januari

Mvua hakuna. Mawingu yanasimama juu ya milima ya Kipengere yanatutazama tu.

Jumatatu, 3 Februari

Ukingo tena. Palepale. Nyayo tena.

Jumatano, 5 Februari

Nimekwenda bomani kwa Masunga. Mkewe, Juliana, alinipa maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa, akakaa pembeni kuhakikisha nayamaliza. Masunga ni mpole kuliko nilivyotegemea, ila mkaidi. Nilipotaja mfereji alivua kofia, akaivaa tena.

"Sisi tukifika pale, dada, tunakuta maji imeshatoka. Ng'ombe akisikia harufu ya maji utamzuia na nini? Atakunywa, atakanyaga, hiyo sikatai. Lakini kufungua hafungui. Ng'ombe hana jembe."

"Nani anafungua?"

"Sijamwona. Nikisema mtu nisiyemwona, mimi mgeni huku, nitalala wapi?"

Niliandika: niliambiwa.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Mchungaji alihubiri hadi tumbo langu likaanza kujibu. Mama mdogo hakwenda kwenye misa yao kwa sababu ya goti. Nimefua. Jumapili sifanyi kazi, kwa hiyo hakuna cha kuandika.

Jumatatu, 10 Februari

Ukingo.

Ijumaa, 14 Februari

Majaruba ya katikati yameanza kupasuka nyufa. Asubuhi wanaume wawili wameshikana mashati kwa ajili ya zamu, na kila mmoja aliniita nishuhudie kwamba mwenzake ndiye mwizi. Nilisema mimi natazama tu, siamui. Wakaniona mjinga wote wawili, hilo angalau walikubaliana.

Mpunga wa mama mdogo ndio wenye kijani kizuri kuliko wote mkiani. Nimemsifu kwamba ana mkono wa kulima. Aliendelea kupuliza moto.

Jumatano, 26 Februari

Sijui nianzie wapi, nina hasira.

Mzee Bartolomeo ameniita ofisi ya kijiji, akanionyesha kwenye simu yake taarifa ya awali aliyoituma Dokta Sedekia kwa watu wa wilaya na kwa kijiji. Nimeisoma nimesimama. Inasema: "Utafiti wa kiempirika umethibitisha kwamba mifugo ya wahamiaji ndiyo chanzo cha ubomokaji wa mfereji." Picha zangu zipo. Vipimo vyangu vipo. Maneno ya Masunga hayapo.

Mwenyekiti alikuwa amefurahi kweli. "Sasa sio sisi tunaosema, ni utafiti. Kijiji kitakaa, Masunga ahamishe boma kabla ya kuvuna. Kazi nzuri, dada."

Nilitoka nje, nikampigia Dokta.

"Hakuna mtu aliyeona ng'ombe akibomoa," nilimwambia. "Mimi nimeona nyayo."

"Goodness, nyayo ni ushahidi wa kutosha."

"Ni ushahidi kwamba ng'ombe alipita. Kwamba alibomoa, hiyo ni nilidhani. Wewe ndiye ulinifundisha."

"Na Masunga? Yeye alisema nini?" aliuliza Dokta.

"Alisema anakuta pameshafunguka. Niliandika, niliambiwa. Umeyafuta."

"Yule ana maslahi. Siwezi kuweka utetezi wa mtuhumiwa kwenye matokeo." Kisha akapunguza sauti, akasema wafadhili walitaka kitu kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba neno hilo linawapa watu imani.

Linawapa imani ndiyo, hilo ndilo linaloniumiza. Neno lililokuwa na maana ya kwamba mtu alikwenda akakaa akaona, leo limebandikwa juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona, na kwa sababu limebandikwa, familia nzima itang'oa boma. Na nyayo hizo nimezipiga picha mimi. Nimerudi nyumbani nikakataa kula. Mama mdogo akauliza kuna nini, nikamsimulia yote.

"Masunga wanamhamisha kweli?"

"Wanasema hivyo."

Akaondoa sahani yangu, akaenda kuifunika.

Jumamosi, 1 Machi

Nimelala mchana nikiumwa kichwa, nikaamka nacho. Nimefungua tena kumbukumbu zangu za kazi kutafuta nilipokosea, nikapaona. Kila ukingo unapobomoka ni Jumatatu. Mimi nilidhani unabomoka Jumatatu, kumbe Jumatatu ndiyo siku ninayorudi kazini. Jumapili mgawa maji yuko kanisani, mwenyekiti yuko kanisani, wakulima wote wako kanisani, hata mtafiti wa kiempirika yuko kwaya ya pili anaimba sauti ya juu. Mfereji hauna mtu hata mmoja kuanzia asubuhi hadi watu wamalize kula.

Kesho sitaweza, nimeahidi kuimba. Jumapili ijayo sitakwenda.

Jumatatu, 3 Machi

Ukingo. Watu sasa hawaji hata kutazama. Wanasema tu, Masunga.

Mkutano wa kijiji ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumapili, 9 Machi

Nilimwambia mama mdogo ninaenda ibada ya kwanza. Nikavaa gauni la kanisani, nikachukua Biblia, nikazunguka nyuma ya majaruba ya skimu hadi kwenye kichanja kimoja cha kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, ambacho bado hakijaanza kutumika. Nikakaa humo na Biblia yangu mapajani. Kutoka pale ukingo wa Masunga unaonekana vizuri, na boma lake kule mbali, ng'ombe wakiwa bado ndani.

Kengele za kanisa zililia, zikanyamaza. Jua likapanda. Niliona mtu akija kwa njia ya mtaro wa zamani, ule ulioachwa skimu ilipojengwa, umeota magugu na unaelekea mkiani. Amevaa koti la kiume na kofia pana ya ukili, ana jembe begani. Alikuwa anatembea haraka, hachechemei kabisa.

Alitazama huku na huku. Akatema mate viganjani, akashika jembe, mkono wa kushoto ukiwa mbele. Mimi namjua mtu mmoja tu hapa anayelima kwa mashoto.

Alikata ukingo kwa upole, kama anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Maji yakaanza kuingia mtaro wa zamani. Halafu akaanza kugeuka upande wangu.

Niliinamisha kichwa. Niliweka paji la uso juu ya Biblia na kufumba macho, nikakaa hivyo mpaka niliposikia maji peke yake. Nilipoinuka hakuwepo.

Sikuondoka. Mtaro ule hauwezi kubeba maji yote, mengine yakamwagikia nyasini. Jua lilipokuwa limesimama wima, watoto wa Masunga wakafungulia ng'ombe. Wanyama wakanusa, wakaanza kukimbia, na vijana hawakuweza kuwazuia. Wakanywa, wakakanyaga, mpasuko mdogo wa jembe ukawa shimo. Baada ya hapo kulikuwa hakuna alama ya jembe, kulikuwa na nyayo tu, zilezile ninazozikuta kila Jumatatu.

Nilirudi nyumbani. Mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, amenyoosha mguu wenye goti bovu.

"Mahubiri yalikuwaje?"

Nikasema mazuri.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia Dokta nikamweleza utaratibu wa mambo: jembe kwanza, maji, halafu ng'ombe. Anasema siku moja si takwimu. Nikamwambia siku moja ya kuona ni nyingi kuliko sifuri ya kuona. Akauliza ni nani aliyekata.

"Sikuona uso."

Ni kweli tupu. Ningeweza kula kiapo.

Jumatano, 12 Machi

Tunakula sahani moja na mama mdogo kama kawaida. Ninashindwa kutazama mkono wake. Nimejiambia hivi: Ijumaa nitasema niliyoyaona na sitazidisha. Niliona mtu, koti, jembe, maji, ng'ombe. Masunga atapona. Uso sikuuona, na mtafiti wa kiempirika hasemi asichokiona. Nimelirudia hilo mara nyingi leo, na kila nikilirudia naona jinsi ninavyolipenda.

Ijumaa, 14 Machi

Mkutano ulikuwa shuleni, darasa la tano, watu wamejibana kwenye madawati ya watoto. Masunga na Juliana walikaa mbele kabisa, peke yao kwenye dawati. Mama mdogo alikaa dirishani na akina mama wa mkiani.

Mzee Bartolomeo alisoma ile sentensi ya taarifa, neno la kiempirika likampiga chenga, akalirudia kwa nguvu. Kisha akasema mtafiti mwenyewe yupo, athibitishe.

Nilisimama. Nilisema sentensi ile si ya kweli. Nikaeleza kwamba utafiti wa namna hiyo unadai mtu awe ameona au amepima, na kwamba mpaka Jumapili iliyopita hakuna aliyekuwa ameona ukingo ukibomoka, mimi wala Dokta wala mtu yeyote humu ndani. Nikaeleza ya kichanja.

"Kwa hiyo ng'ombe walikuja nyuma?" aliuliza mwenyekiti.

"Nyuma. Walikuta pameshakatwa."

Masunga alivua kofia, akaishika magotini. Juliana alianza kulia bila sauti. Nikajua nimemaliza, nikataka kukaa.

"Ngoja kwanza, dada. Nani alikata?"

"Alivaa koti na kofia. Uso sikuuona."

"Mwanamume?"

"Sikuona uso, mwenyekiti."

Minong'ono ikaanza. Nani hakuwepo kanisani? Sauti moja nyuma ikasema, "Liberatus." Liberatus ni kibarua wa kupalilia, alikuja mwaka huu akitokea machimbo ya Makongolosi, hana ndugu hapa na hasali popote. Ana koti. Walimtoa kwenye kona alikokuwa amesimama, na mtu mmoja akamshika ukosi.

"Mimi Jumapili nilikuwa nimelala," alisema. "Muulizeni huyo dada, si ndiye aliyeona? Dada, ni mimi?"

Nilisema hapana, si yeye.

"Umejuaje, kama hukuona uso?" Mzee Bartolomeo hakuuliza kwa ukali. Aliuliza tu, na lilikuwa swali sahihi kuliko yote niliyosikia tangu Januari.

Mtu alikuwa tayari amekwenda kuita mgambo. Liberatus ananitazama. Mama mdogo haniangalii, anatazama nje dirishani. Nilikuwa na neno langu zuri la kujifichia, lingenitosha kabisa, na ningelitumia hivyo ningekuwa nimefanya alichofanya Dokta, kwa upande mwingine tu.

"Sikuona uso kwa sababu nilifumba macho," nilisema. "Nilifumba kwa sababu nilikuwa nimeshamjua. Alishika jembe kwa mkono wa kushoto. Alipita mtaro wa zamani. Ni mama mdogo wangu, Kalista."

Wakamwachia Liberatus shati. Mama mdogo akainuka polepole, safari hii goti likimuuma kweli au la, sijui, akasema, "Ni mimi," akatoka nje.

Jumamosi, 15 Machi

Uamuzi: boma la Masunga linabaki. Mama mdogo amenyimwa zamu ya maji mpaka mavuno, na mtaro wa zamani umezibwa kwa mawe. Dokta amenitumia ujumbe kwamba "atarekebisha lugha." Sijamjibu.

Nilifunga mizigo yangu nikatafute mahali pengine pa kulala. Mama mdogo akasema, "Chumba ni chako mpaka kazi yako iishe." Amepika. Tumekula, kila mtu na sahani yake.

Jumapili, 23 Machi

Ukingo ni mzima. Nimekaa kutwa kuutazama.

Jumatatu, 31 Machi

Majaruba ya mama mdogo yamepasuka. Masuke yametoka lakini ukiyaminya hayana kitu ndani. Leo Masunga amekuja na dumu la maziwa, akaliweka mlangoni, akasalimia akiwa amesimama mbali. Mama mdogo aliitikia vizuri. Hakulichukua mpaka alipoondoka.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepima zamu ya maji ya mkiani kwa mara ya kwanza tangu nije, kwenye jaruba la jirani wa mama mdogo. Siku ya zamu, maji yaliyofika hayakulowesha hata viatu vyangu. Yote yanaishia kwa wenye majaruba ya juu, na la kwanza kati ya hayo ni la mzee Bartolomeo. Malango yao hayafungwi. Niliona. Nimeandika, nimetuma Iringa na ofisi ya kijiji, na nimempelekea mzee Bartolomeo nakala mkononi. Aliipokea, akasema asante.

Jumamosi, 12 Aprili

Ninaandika ndani ya basi, tumeshapita Makambako na baridi imeanza kuingia dirishani.

Asubuhi mama mdogo alinisindikiza hadi njiani. Tulipofika alishusha begi langu kichwani mwake, maana alikataa nilibebe, akanifuta vumbi begani kwa kanga yake.

"Mama mdogo, nisamehe," nilisema.

"Kwa kunitaja? Hapana. Yule kijana wangemvunja mikono. Na Masunga ana watoto. Ulipotaja jina langu nilishukuru, maana mimi nilikuwa nimeshindwa kusimama." Akajifunga kanga upya. "Mimi nimelima pale mkiani tangu mume wangu yuko hai, na maji ya zamu yangu hayajawahi kufika. Nimelalamika mpaka wameniona kichaa. Halafu ukaja wewe, mtoto wa dada yangu, na kazi yako ni maji. Nikasema sawa, ameletwa."

Pikipiki ilikuwa inakuja kunichukua, tuliisikia wote.

"Miezi yote hiyo umeangalia mfereji, umeangalia nyayo, na mwisho ukaniangalia mimi. Tunakula pamoja, tunalala nyumba moja. Goodness, si ungeniuliza tu?"

Nilipanda pikipiki. Nimesoma shajara hii yote tangu Januari hadi leo, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta mahali nilipomuuliza. Hakuna.